Joram Amzike Wesonga Kwanza

Sogeeni, wanangu, sogeeni karibu, kwa maana sauti hii iliyokuwa ikitoka kanisani ikawafikia wavuvi majini bila spika, leo haifiki hata mlangoni, na sitaki mtu atoke humu akaseme eti mzee alisema hivi na vile kumbe sikusema. Naswa mama, kaa hapa kichwani kwangu. Sheryl, zima hiyo redio. Opondo, najua umezoea kusimama dirishani umetupa mgongo kila ninapotaja mambo ya Mungu, lakini leo geuka baba, niuone uso wako, maana mengi ya haya ni yako. Mimi Nicodemus Wechuli, baba yenu, nina akili zangu timamu. Kilichooza ni ini, kichwa bado ni changu. Yule daktari wa Kisumu aliponirudisha nyumbani aliniambia nile chochote roho inachotaka, na mimi si mtoto, najua daktari akianza ukarimu wa namna hiyo ana maana gani.

Nasema kwa Kiswahili kama nilivyowalea, kwa sababu mama yenu Milka hakuwahi kukiweza Kibukusu changu, na Kijaluo changu, pamoja na maisha yote niliyoishi Asembo hii, bado kinawavunja mbavu akina mama wa soko la samaki. Kiswahili ndicho kilikuwa cha nyumba hii. Tuliomba kwacho, tukagombana kwacho, na nyinyi mkachapwa kwacho. Haya, sikilizeni.

Mali niimalize haraka, si nyingi. Shamba la bondeni ni la Opondo. Nyumba hii ni ya Naswa na Sheryl, na asije mtu hapa na maneno ya kwamba wasichana hawarithi, mwambieni Wechuli alishasema na hakuuliza mtu. Ng'ombe ni wa Sheryl mpaka amalize masomo yake kule Maseno, na Sheryl, usithubutu kuacha masomo ati unaomboleza, utaomboleza ukiwa na digrii. Cherehani ya mama yenu ichukuliwe na Naswa. Kiwanja cha kanisa, ambacho bado kiko kwa jina langu, nitakifikia. Ndugu yangu Wafula atakuja kutoka Bungoma na gari limejaa watu, atalia sana, kisha atataka kunibeba akanizike kwa baba zetu. Mpokeeni vizuri, mchinjieni kuku, mwiteni baba kwa sababu ni baba yenu, lakini mwili hapewi. Mimi ninalala hapa, kati ya Milka na ndugu yenu Wesonga, na hilo halina mkutano wala kamati.

Sasa nije kwa jambo lenyewe, lile linalonizuia kufa.

Nilikuja ufuo huu kijana mbichi, mwinjilisti asiye na hata baiskeli, nimetumwa kufungua misheni mahali ambapo sina ndugu wala rafiki. Nikahubiri nikachoka. Watu wa hapa ni wapole, wananisikiliza, wananipa samaki, kisha wanaenda zao. Halafu mvuvi mmoja, mtu mzima mwenye boma lake, akajinyonga kwenye mti nje ya kijiji kwa sababu alizokwenda nazo mwenyewe. Mnajua desturi ya huku ilivyokuwa. Mtu aliyekufa hivyo hapitishwi langoni kwake. Ua hukatwa tundu upande wa pembeni, maiti ikaingizwa kwenye tundu hilo, halafu tundu likazibwa, ili kifo cha namna ile kisije kikajua njia ya mlangoni. Na kumgusa, nani amguse? Nikasimama mbele ya wazee, mgeni, Kijaluo chenyewe cha kuokoteza, nikasema huyu ni mwenye nyumba, atapita langoni kwake kama mwenye nyumba, maana Kristo niliyekuja kuwaambia habari zake hana mtoto anayeingizwa kwa tundu. Nikashika upande wa kichwa. Nikatazama nani atashika miguu. Wapi! Watu wote wameangalia chini. Mara akatoka msichana mmoja aliyekuwa na karai la dagaa wa omena kichwani, akalitua, akafuta mikono kwa leso, akashika miguu. Hata jina lake sikulijua. Huyo ndiye mama yenu, na hivyo ndivyo misheni hii ilivyoanza, watu wawili na maiti, si kwa mikutano ya viyoyozi.

Yule mvuvi alikuwa baba yake Joram, huyu askofu wa leo.

Mlikuwa mmesikia kwamba tulimlea Joram, lakini hamjui tulimtoa wapi, kwa sababu mama yenu alinikataza kusema, alisema mtoto asibebeshwe kifo cha baba yake shingoni. Nimenyamaza maisha yangu yote kwa heshima ya Milka. Leo nimemwomba ruhusa na nadhani amenipa, na kama hajanipa tutagombana huko huko ninakokwenda. Tulimchukua miaka mingi baadaye, akiwa anaanza kuota ndevu, watu bado wanamkwepa kama ana ugonjwa wa kuambukiza. Tukamlaza chumba kimoja na Wesonga. Nikamfundisha kusoma Neno, nikamfundisha kusimama madhabahuni bila kutikisa mguu, nikambatiza kwa mikono hii ndani ya ziwa hili. Naswa, wewe ulimwita kaka mpaka walipokuambia umwite Askofu. Nilipostaafu nilimkabidhi misheni mbele ya watu wote, nikalia kwa furaha kama bibi harusi. Nililia kweli!

Na Wesonga wangu mnamjua. Alikuwa mwalimu wa watoto wa Jumapili, mwimbishaji wa kwaya, fundi wa simu mjini Kisumu siku za kazi. Vijana walipoanza kuingia barabarani kuandamana mwaka ule, nchi nzima ikawaka, alikuja hapa akapiga magoti, akaniuliza, "Papa, niende?" Nikamwekea mkono kichwani nikamwambia nenda. Sijutii. Wako waliokuja kuninong'oneza kwamba mzazi mzuri angemzuia. Ng'o! Nimemlea kijana kwa mahubiri kwamba Mungu anasikia kilio cha wanaoonewa, sasa kijana anakuja kuniuliza kama anaweza kwenda kulia pamoja nao, nimjibu nini, kwamba yale yote yalikuwa utani wa Jumapili? Alikwenda na bendera na chupa ya maji. Risasi ilimpata upande wa Kondele, kule Kisumu, akiwa ameinama anamwosha msichana asiyemjua macho yaliyojaa gesi ya machozi, na ilitoka kwa nani mpaka leo hatujaambiwa, kila ofisi inatuelekeza ofisi nyingine. Huyo aliyefyatua simjui, kwa hiyo nimemwachia Mungu anayemjua. Lakini Joram namjua.

Tulimleta mtoto wetu nyumbani mchana, gari limejaa kwaya, wanaimba mpaka sauti zimekauka. Na njia ya kufika hapa kwetu, mtoto mdogo anaijua, ni kupitia lango la misheni, unapita mbele ya kanisa, ndipo unaingia bomani. Tukakuta lango limefungwa mnyororo. Mlinzi, kijana wa watu, akasema huku anatazama viatu vyake, "Askofu amesema maiti ya fujo haipiti hapa."

Maiti ya fujo. Nataka mlisikie neno hilo kutoka mdomoni mwangu ili mlijue hata mkilisikia gizani. Hakusema Wesonga, aliyelala naye chumba kimoja. Hakusema marehemu. Wala hakusema ndugu yetu, ambavyo kanisa humwita kila anayezikwa, hata mlevi, hata mwizi wa nyavu. Nikampigia simu, akapokea, sauti laini kama ya mtu anayeuza bima, akaniambia, "Mzee, tuelewane. Wageni waheshimiwa wanakuja Jumapili kuchangia paa la kanisa. Wakisikia tumezika kijana wa maandamano, watageuza magari." Nikamuuliza, "Joram, kwa hiyo mwanangu apite wapi?" Akasema, "Tafuteni njia ya pembeni."

Mnajua njia ya pembeni ilikuwa gani. Opondo, wewe ndiye uliyeshika panga. Ulikata ua wa ojuok, mnyaa wenye sumu, utomvu ukakurukia machoni, macho yakavimba yakafunga, ukamzika ndugu yako bila kumwona akishuka. Na Wesonga akapita kwenye tundu. Wazee wa hapa wakaguna wote kwa pamoja, kwa sababu walijua wanachokiona, na mimi nikajua, na yule aliyetoa amri, Mungu ananisikia, alijua kuliko sisi wote. Tundu ambalo nilikataa baba yake asipitishwe ndilo alilompitisha mwanangu. Hakuna mchungaji aliyekuja, Joram aliwakataza wote. Nikasoma ibada ya maziko mwenyewe, baba anamzika mwana, na nilipofika mahali pa kusema ndugu yetu, nilisema mwanangu, na ibada ikaharibika kwa sababu sikuweza kuendelea.

Basi. Mate kidogo, Sheryl. Maji, nimesema maji. Mnaona hata ulimi umeanza kunikana.

Najua utakachosema, Naswa, naona midomo yako inaanza kucheza. Utasema, Papa, samehe, Mungu amesema kisasi tumwachie yeye. Mama, mimi nilikuwa nafundisha hayo kabla hujazaliwa. Nimemwachia. Nimemwambia, haya Baba, chukua ni chako, lakini ukifanya haraka utanifurahisha, kwa sababu mimi ninaondoka na yeye anazidi kunenepa. Nimengoja. Paa limewekwa, vigae vyekundu. Joram amepata gari jipya. Kila Jumapili anahubiri upendo, na mimi nasikia kila neno nikiwa kitandani hapa, maana spika zake wameziweka zinaelekea nyumbani kwangu. Nadhani Mungu ameamua kutumia mikono iliyopo, na iliyopo ni yenu. Kama nimekosea atanirekebisha nikifika. Sioni haya kusema nina hasira na Joram, hasira yenye mizizi, naamka nayo na kulala nayo, na ningependa kumwona akitetemeka kabla sijafumba macho.

Kwa hiyo shikeni maagizo.

Nikifa, nipelekeni mochari ya Bondo, mkae kimya. Msitangaze siku ya maziko. Joram atakuja mbio kuliko wote. Mimi ndiye mwanzilishi wa misheni, maziko yangu atataka yawe makubwa, mahema, maaskofu wenzake, waheshimiwa wa vigae, yeye katikati na joho la zambarau anasimulia jinsi alivyokuwa mwana wangu kiroho. Mwacheni apange. Mwacheni aite watu, achapishe picha yangu kwenye fulana, awatangazie huko kote. Halafu watu wakishakusanyika, Naswa, wewe uliye na heshima ya ualimu na sauti isiyopanda, simama umwambie mbele yao kwamba mzee ameacha neno moja: Joram amzike Wesonga kwanza.

Siyo kwa sala ya kunong'ona, eti tumkumbuke pia marehemu kijana wetu. Hapana. Milango yote miwili ya lango la misheni ifunguliwe, kengele ipigwe, picha ya Wesonga, ile kubwa aliyovaa joho la kwaya, ibebwe kupitia langoni, iingie kanisani kwa njia ya katikati mpaka madhabahuni, na Joram atembee nyuma yake kwa miguu, asitangulie. Kisha waende kaburini. Asome ibada ya maziko yote, kutoka mwanzo, bila kuruka, na pale pa kusema jina aseme ndugu yetu Wesonga, kwa spika zake zile zile, zikiwa zimeelekezwa sokoni na ziwani. Akimaliza hapo, ndipo gari litumwe Bondo kunileta.

Akikataa? Mtakaa. Mochari haina haraka na mimi sina pa kwenda. Watu wakae chini ya mahema wakimtazama. Wafula atafoka, kwaya zitachoka, waheshimiwa wataangalia saa, na kila mtu atakuwa anauliza mwenzake tunangoja nini, na jibu litakuwa jina la mwanangu. Hatakataa, wanangu. Namjua, nilimlea. Joram anaogopa watu kuliko anavyomwogopa Mungu, basi mimi nimemtafutia watu. Siku ile alimficha mwanangu asionekane na wageni wake, na mimi nataka wageni wale wale wawe mashahidi akimtaja.

Opondo, unatabasamu. Nimekuona. Ni mara ya kwanza tangu ndugu yako afe, na nimefurahi, lakini usitabasamu sana, kwa sababu bado sijamaliza na wewe, na sehemu hii haitakupendeza.

Wewe ulitaka nikuachie kiwanja cha kanisa. Usibishe, ulimwambia Sheryl na Sheryl hawezi kuweka siri. Ulitaka hati iwe kwako umfukuze Joram, ubomoe kuta, upande viazi pale penye madhabahu. Nami nilipokuwa na nguvu nililala nikiwaza vivyo hivyo, nikaviona hata viazi vyenyewe. Lakini hapana. Kiwanja kiandikwe jina la kanisa, siyo la askofu yeyote, na nyinyi watatu muwe wadhamini wake, muweke sahihi, asiweze kuuza hata unyasi bila kuwatazama usoni. Tena sikilizeni vizuri: mkiondoka katika kanisa hilo kwa sababu ya Joram, mtakuwa mmempa Joram kanisa. Mama yenu alitua omena zake chini akashika miguu ya maiti ili kanisa hilo liwepo. Mimi nimehubiri kwenye jua mpaka ngozi ikabambuka. Wesonga amefundisha pale watoto mpaka wanaimba sauti nne. Halafu nyinyi mmwachie yeye, bure? Mtakuwa wajinga, na sikulea wajinga.

Kaeni. Kila Jumapili, viti vya mbele kabisa, upande wa kulia anaoutazama akihubiri. Sheryl, wewe ndiye umefanana na Wesonga kuliko wote, kaa katikati. Akipanda madhabahuni akute macho yake yanamtazama. Msimzomee, msinune, imbeni, fungueni maandiko anapowaambia mfungue, toeni sadaka yenu, na yeye ale chakula chake cha Jumapili akijua mtarudi wiki ijayo. Mkiona hamhitajiki, rudini. Mkitukanwa, rudini. Naswa, mtoto wako huyo unayemngoja akizaliwa mvulana aitwe Wesonga, na akizaliwa msichana atafutiwe namna, lakini jina hilo liwemo, na apelekwe kwa Joram abatizwe, si kwa mwingine, ili mkono wake ulowe maji na mdomo wake ulitaje. Kila mmoja wenu akizaa, afanye vivyo hivyo. Nataka apate Wesonga watano, sita, wakimkimbilia uwanjani. Mtasema huyu mzee anatumia ibada kulipiza kisasi. Ndiyo, natumia. Na ninyi mtakuwa mmebaki ndani ya nyumba ya Mungu na watoto wenu wamekua humo wakijua Neno, na siku moja, Joram akiwa ameshasahauliwa, mtashtuka mkute hasira ilikwisha zamani na bado mko hapo mnaimba. Mimi sitakuwepo, na sijui kama nataka ifike haraka. Hasira yangu naipenda bado. Imenitunza.

Waleeni watoto wawe wagumu, wanangu. Zama hizi ni mbaya. Kijana akikaa kimya anaoza, akisema anapigwa risasi, na wachungaji wanahesabu magari ya wageni. Msiwadanganye kwamba Mungu atawakinga na kila kitu, hakumkinga Wesonga, na mtoto akigundua mmemdanganya hapo atawakataa nyinyi na Mungu wenu pamoja. Waambieni ukweli. Waambieni Mungu alikuwepo Kondele, ameinama na Wesonga, na maji ya ile chupa yalikuwa yake. Na wakiwauliza, niende? muwe mmeshajua jibu lenu kabla hawajauliza.

Nani anabisha? Sheryl, chungulia.

Joram? Hapa? Hee! Amekuja peke yake? Gari ameliacha wapi? Ahaa, sokoni, ili watu wasione. Amebeba nini? Kile kisanduku cheusi... meza ya Bwana. Ameniletea mkate na divai.

Naswa, usimfungulie. Nimesema usifungue.

Sikilizeni, msidhani ni rahisi kwangu. Tangu tulipomzika Wesonga sijala mkate wa Bwana, kwa sababu hapa pote hautoki mikononi mwa mtu ila yeye. Mtu aliyeula maisha yake yote, akaugawa kwa wengine, anakwenda kufa na njaa yake. Nautamani. Nautamani kuliko maji hayo. Lakini anataka kunipa chumbani, mlango umefungwa, ili kesho aseme tulipatana. Hajaniletea mimi, amejiletea mwenyewe. Sheryl, nenda dirishani umwambie, sauti ya kawaida, usipige kelele, mwambie Papa anasema ataje tu. Ndugu yetu Wesonga. Asimame hapo hapo uwanjani, hata kama hakuna anayesikia isipokuwa kuku. Akiyasema hayo, aingie kwa mlango mkubwa, nitakula mkononi mwake, na yale maagizo yote ya mochari nitayafuta.

Amesemaje?

Hajasema.

Anafanya nini? Ameinama. Analia? Kulia ni rahisi, Joram alikuwa mwepesi wa kulia tangu ujana. Mwambie tena.

Basi. Basi, Sheryl, toka dirishani. Fungeni pazia. Akae huko na kisanduku chake. Maagizo yanabaki.

Nimechoka sasa. Mikono yenu, leteni mikono, siioni vizuri, huu ni wa nani? Naswa. Mungu akupe uzazi mwepesi na shule isiyokudhulumu. Sheryl, Mungu akulinde barabarani, na usiogope kwenda, na urudi. Nawabariki kwa baraka ya mama yenu ambayo ilikuwa na nguvu kuliko yangu. Mkae pamoja. Msigawane... msigawane Wesonga, huyu anamkumbuka hivi, huyu hivi. Awe mmoja.

Opondo. Baba. Njoo hapa, acha hilo dirisha.

Mimi sina mchungaji. Nimemfukuza, umeona. Mtu hawezi kwenda hivi hivi, kimya, kama... Lazima mtu aniombee. Naswa ataomba vizuri, najua, ataomba mpaka kieleweke, lakini sitaki ya Naswa. Nataka yako. Tangu siku ile hujafumba macho kuomba. Ninajua unachomwambia Mungu moyoni, mimi mwenyewe nimemwambia mabaya zaidi. Mwambie hayo hayo. Kwa sauti. Mkasirikie, mtukane ukitaka, lakini anza kwa kusema Baba.

Usitikise kichwa. Nipe mkono. Hivyo.

Hujui uanzie wapi... Anzia kwa ndugu yako, useme ameuawa. Halafu mimi. Pole pole... nitakusikia.

Anza, baba. Mimi niko tayari, nakungoja wewe.